Msafiri na Zawadi Zake



Mtu akisimama gatini Mwanza mwezi huu wa Desemba, wakati watu wanapoingia katika meli ya kwenda Nansio, ataona jambo lisiloonekana sana miezi mingine. Kila abiria ana mizigo miwili. Wa kwanza ni wake mwenyewe, nguo zake na karatasi zake. Wa pili si wake. Ni kitenge kilichokunjwa ndani ya gazeti, ni viatu vya mtoto vilivyofungwa pamoja kwa kamba, ni sufuria mpya iliyotiwa sukari ndani ili isichukue nafasi bure, ni mkate mrefu wa mjini ambao utafika Ukerewe umebonyea. Ukimwuliza mwenyewe, "Umechukua nini humo?" atakujibu, "Ni vitu vya watoto." Hata asiye na mtoto hujibu hivyo.

Nataka tutafakari pamoja juu ya mzigo huu wa pili. Je, arudiye kutoka safari anadaiwa? Na ikiwa anadaiwa, kitu kitolewacho kwa kudaiwa chawezaje kuitwa zawadi? Nalidhani zamani kuwa hili ni swali dogo, la kuulizwa na watu walioshiba na kukosa shughuli, mpaka liliponipata mimi mwenyewe. Habari hiyo nitaieleza mbele, ingawa siipendi.

Desturi hii si ya jana. Katika karne ya 19 vijana wa Usukuma na Unyamwezi walijitwika pembe za ndovu wakaenda nazo hata Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu, na wengine hawakurudi. Ujira wao haukuwa fedha hasa, bali nguo, merikani na kaniki, na shanga, na waya wa shaba. Basi kijana aliporudi kwao, ujira wake na zawadi zake vilikuwa kitu kimoja: aliukata ule mtanda wa nguo mbele ya macho ya watu wote, huyu mkono mmoja, yule mikono miwili, na mwenyewe akabaki na kile kilichosalia. Hakuna aliyemwuliza amechagua nini, maana hakuchagua. Baadaye ujira ukawa sarafu, na reli ikafika Mwanza mwaka 1928, na safari ya miezi ikawa safari ya siku. Ndipo zawadi ikaachana na ujira. Sasa ilimpasa mtu kuingia dukani, kutazama, kupatana bei, kuwaza yupi apewe kipi. Na huko kuchagua ndiko kunakomfichua mtu, moyo wake na hila zake.

Watu wanapotetea desturi hii hunitolea methali mbili. Ya kwanza ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na hiyo siigombi, maana ni ya furaha. Ya pili ni "Mkono mtupu haulambwi." Hiyo nimeitazama sana. Sisi tuliokulia kando ya ng'ombe twajua ni nani alambaye mkono: ni ndama, na hulamba kwa sababu ya chumvi. Chumvi ikiisha hukuacha akaenda kwa mwingine. Basi anayenitolea methali hiyo, sijui kama amefikiri amewafananisha watu wa nyumbani kwake na nini.

Mfaransa mmoja, Marcel Mauss, aliandika mwaka 1925 juu ya zawadi katika mataifa mengi ya dunia, akaonyesha kwamba mahali pengi zawadi huja na mambo matatu yanayomlazimisha mtu, yaani kutoa, na kupokea, na kurudisha. Nadhani alisema kweli. Lakini zawadi ya msafiri ina jambo lake la peke yake. Waliobaki nyumbani hawakukaa bure. Walichota maji yake, walilinda mbuzi wake, waliamka usiku upepo ulipovuma ziwani wakahesabu siku zake. Naye huko alikokwenda alikula vyakula wasivyovila na kuona mambo wasiyoyaona. Arudipo kuna pengo kati yake na wao, nalo ni lazima lizibwe kwa njia fulani. Kitu kidogo kilichotoka kule, kikatiwa mkononi mwa aliyebaki huku, chasema, "Hata nilipokuwa huko, ulikuwako."

Baba yangu alikuwa mvuvi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akienda kambi za visiwani majuma matatu, manne, na arudipo alituletea penseli. Penseli moja, yenye kifutio kichwani, nasi tulikuwa watatu. Aliikata kwa kisu mbele yetu vipande vitatu, na kile chenye kifutio kilikwenda kwa zamu, na zamu aliikumbuka yeye, si sisi. Sijui ilikuwa bei gani. Najua tu kwamba baba, ambaye hakusoma hata darasa moja, huko katikati ya nyavu na moshi wa samaki alikumbuka kwamba Jumatatu twaingia shuleni. Tangu hapo siwezi kuwasikiliza wale wasemao kwamba zawadi za safari ni upuzi wa dunia tu. Nao wahubiri wapendao kuwataja Mamajusi kila mwaka kuwa ni ushahidi wa kununua vitu, nawaomba wakumbuke kwamba Mamajusi walichukua hazina zao kwenda kwa mwingine, ila walichowapelekea wake zao waliporudi makwao kwa njia nyingine hatukuambiwa.

Lakini sasa tazameni upande wa pili. Pale Mwaloni, Kirumba, penye soko la samaki, yuko kijana avutaye mkokoteni wa dagaa. Kwao ni kisiwani, mahali ambapo mtu aweza kufika jua halijachwa. Nalimwuliza kwa nini hakuonekana kwao sikukuu tatu mfululizo, nikidhani ana ugomvi na baba yake. Akasema, "Mchungaji, nitakwenda na nini?" Nikamwambia, "Nenda na miguu." Akacheka kwa adabu kama watu wanavyomchekea mchungaji asemapo neno lisilo na msaada. Kisha akanieleza. Mwaka wa kwanza alikuwa na fedha ya nauli tu. Akaona haya, akakaa. Mwaka wa pili ilimpasa alete zawadi za miaka miwili. Mwaka wa tatu akawa na deni asiloweza tena hata kulihesabu, na sasa akimwona mtu wa kwao sokoni huzunguka nyuma ya magunia. Humtumia mama yake fedha kidogo kwa simu, mara elfu tano, mara elfu kumi. Nalipomtembelea mama huyo hakunitajia fedha. Aliniuliza kama mwanawe amenenepa au amekonda, na kama bado anakohoa usiku.

Hapa, ndugu zangu, ndipo nionapo dhambi ya jambo hili, nayo siiweki kwa yule kijana peke yake. Ni nani aliyemfundisha kwamba mlango wa kwao una ushuru? Sisi. Tumewazoeza watoto wamkimbilie ajaye huku macho yao yako kwenye mfuko. Tumekaa barazani tukasema, "Fulani alikaa mjini mwaka mzima akarudi kama alivyokwenda," na kijana aliyeketi pembeni akasikia, akaiweka akilini. Ninyi walimu wa dini na wazee wa mitaa, mnaofika nyumba nyingi kuliko mimi, yawezekana kulisema neno hili mahali linapofaa: ajaye apokewe mzigo, uwekwe chini ndani, mlango ufungwe, kisha apewe maji, aulizwe habari za njia, aketi, na ule mzigo ufunguliwe na yeye mwenyewe saa atakayopenda, hata kesho. Na kama hakuna mzigo, asiulizwe.

Watu wa Ukara hawahitaji niwaambie hayo. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, ilikuwa siku ya gulio huko Bugorora. Kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kuchukua watu 101 kiliondoka mchana huo kikiwa kimejaa watu na vitu walivyonunua, kikapinduka kikiwa karibu kabisa kufika gati la Bwisya. Walikufa watu zaidi ya 220. Wengi walikuwa wakirudi nyumbani na mahitaji ya nyumbani, kama mimi na wewe tufanyavyo kila mara. Na kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, wakapotea mamia ya watu, na makaburi ya wengi wao yako Igoma hata leo. Tangu siku hizo, nyumba nyingi za pande zetu zikisikia honi ya meli, la kwanza liulizwalo si mfuko.

Nalikuwa seminarini niliposoma barua moja ya Martin Luther iliyonichekesha sana. Mwezi wa Februari 1532 alikuwa mjini Torgau, alikokwenda kwa ajili ya mtawala wake aliyekuwa mgonjwa, akamwandikia mkewe Katharina huko Wittenberg. Nyumbani walikuwako Hans mwenye miaka 5, na Magdalena mwenye miaka 2, na Martin aliyekuwa mchanga. Luther aeleza kwamba amezunguka mjini asione kitu cha kuwanunulia watoto, ingawa siku hizo palikuwa na mnada wa mwaka. Na asipopata kitu cha maana, mkewe amwekee kitu tayari nyumbani cha kuwapa. Basi mtu yule aliyesimama mbele ya Kaisari bila kutetemeka, aliogopa kuingia mlangoni mwake mikono mitupu mbele ya mtoto wa miaka mitano! Miaka miwili kabla yake, alipokaa ngomeni Coburg zaidi ya miezi mitano, alikuwa na bahati zaidi, maana alipata kitu cha sukari kilichofanywa mfano wa kitabu, kimetoka Nuremberg, akamwekea Hans.

Tulibishana bwenini juu ya barua hiyo ya Torgau. Mmoja wetu alisema Luther alitaka kuwadanganya watoto, maana watadhani kitu kimetoka Torgau, kumbe kimetoka kabatini mwa mama yao. Mwingine akasema si uongo, kwa kuwa watoto hawajali kimetoka wapi, wajali kimetoka kwa nani. Mimi nalikuwa upande wa huyu wa pili, na hata sasa niko upande wake. Kitu kilikuwa cha nyumba ile ile, fedha yake ni ya baba na mama pamoja, wala hakuna mtu aliyepungukiwa. Nalisema hivyo kwa sauti kubwa bwenini, na kwa ushujaa wa mtu ambaye hajapata kuwa na mtoto.

Sasa nieleze habari yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nalikwenda Mwanza kwa mkutano wa siku tisa, ukaisha siku chache kabla ya Krismasi. Kabla sijaondoka, bibi mmoja mjane wa mtaa wetu alikuja na shilingi 25,000 alizopata kwa kuuza kuku wake, akasema, "Mchungaji, uninunulie kitenge cha bluu, kile kizito, kisichochuja. Nataka nikivae siku ya Kuzaliwa Bwana." Nikazitia fedha katika bahasha, nikaandika jina lake juu.

Siku ya mwisho nalikwenda Makoroboi. Fedha yangu mwenyewe ilikuwa imekwisha isipokuwa nauli. Imekwishaje sitasema, si kwa ubaya, ila kwa uzembe. Watoto wangu wanne walijua nakuja na meli ya mchana ule. Nikaingia duka la vitambaa nikaona kitenge cha bluu kama alivyotaka bibi, bei yake 25,000 kamili. Kando yake palikuwa na kingine cha bluu ile ile machoni, chepesi kidogo mkononi, bei yake 16,000. Nikasimama. Ndugu wasomaji, nimesoma vitabu vingi juu ya jinsi jaribu linavyomjia mtu, lakini sikukuta mahali palipoandikwa kwamba huja kwa hesabu ya kutoa. Elfu ishirini na tano, toa kumi na sita. Nikanunua mpira, na utepe wa nywele, na biskuti, zikaisha zile elfu tisa zote. Nikajiambia, "Bibi ameomba kitenge cha bluu, naye amepata kitenge cha bluu." Nikajiambia tena, "Nitamrudishia Januari." Mtu asiye na hatia hahitaji sababu mbili.

Watoto walifurahi. Siwezi kusema uongo kwamba furaha yao ilinichoma. Haikunichoma, nalifurahi pamoja nao, na mpira ule ulichezwa mpaka ukapasuka. Kilichonichoma ni mayai. Bibi alipokea kitenge kwa mikono miwili, akakinusa kama watu wanavyonusa nguo mpya, akanishukuru, na kesho yake akanipelekea mayai saba kwa ajili ya taabu niliyopata kumchagulia. Nikayala. Siku ya sikukuu aliketi safu ya pili, amevaa bluu, nami nikahubiri.

Januari ikaja, sikurudisha kitu. Si kwamba sikuwa na elfu tisa, nalikuwa nazo. Lakini kurudisha fedha ni kusema fedha hizo zilikuwa wapi. Hapo nalitambua kwamba yule kijana wa Mwaloni na mimi tuna ugonjwa mmoja: deni la haya hukua kwa kukaa.

Nalikwenda kwake katika majuma ya Kwaresima, nikamweleza yote, nikiwa nimesimama kwa kuwa sikuona kwamba nastahili kuketi. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe. Kilipofuliwa kilichuja, kikaharibu shuka yangu nyeupe. Nami nalisema mwenye duka amekudhulumu kwa kuwa wewe hujui vitambaa. Nimewaambia akina mama wote wasinunue tena kule. Nimekuombea wewe, nimemlaani yeye."

Neno hili sikuwa nimelifikiri hata kidogo. Katika hesabu yangu yote tulikuwa watu wawili, mimi na bibi; wala sikukumbuka kwamba yuko wa tatu, mtu aliyeniuzia kitu cha 16,000 kwa 16,000, akanifungia vizuri, akanitakia safari njema. Sasa jina lake lilikuwa limetajwa vibaya kisimani na mtu asiyemjua, kwa kosa langu.

Nikamwuliza bibi nifanye nini. Labda nalitazamia aseme neno la kunifariji, kama wazee wanavyojua kusema. Akanyosha mkono. "Lete chenji yangu."

Nikampa zile elfu tisa. Akazihesabu, akazifunga katika pindo la khanga, akasema, "Na shuka?" Nikatoa fedha ya shuka. Akasema, "Na yule mwenye duka?" Nikasema nitawaeleza akina mama mwenyewe. Nikawaeleza, katika mkutano wao wa Alhamisi, nao hawakucheka, ingawa ningependa wangecheka. Mwenye duka nalimwendea mara ya kwanza niliyofika tena Mwanza; hakunikumbuka mimi wala kitenge, akashangaa sana, akanikaribisha ninunue kingine.

Nalitaka kusema kwamba tangu hapo swali langu la kwanza limepata jibu, lakini si kweli. Bado naona kwamba arudiye anadaiwa, ila anachodaiwa ni yeye mwenyewe, na kitu kilichomo mfukoni ni dalili tu ya kwamba amekuja mzima na moyo wake pia. Dalili yaweza kuwa theluthi ya penseli. Yaweza kukosekana kabisa, kama ilivyomkosa Luther mnadani. Lakini mtu akiinunua kwa fedha ya mwingine, hiyo si dalili yake tena, ni ya yule mwingine, na watoto wangu, bila kujua, walicheza mpira wa yule bibi miezi miwili.

Mwaka huu bibi amenituma tena. Amenipa shilingi 30,000, maana vitu vimepanda, akaniambia, "Na risiti, mwanangu, usiisahau." Naandika haya nikiwa Mwanza, meli ni kesho. Kitenge chake kimo sandukuni, cha bluu, kizito, na risiti imo ndani ya mkunjo wake. Za watoto wangu bado sijanunua.